Je, Aliyetuma Neno Amefika?



Liko swali moja ambalo siku hizi lasikiwa sana katika vijiji vya milima yetu, na hasa mahali pa msiba. Mtu amekufa. Mpwa wake aliye Dar es Salaam amepata habari saa ile ile. Ametuma fedha ya sanda na ya chakula kwa simu; ameandika maneno mema ya majonzi katika kundi la ukoo la WhatsApp; ameweka na picha ya marehemu ili wote waione. Lakini mwenyewe hakuja. Maziko yakiisha wazee hukaa barazani wakasema, "Fulani hakufika." Vijana hujibu, "Alifika kabla yenu. Sanda ilinunuliwa na nani?" Katika hao, nani asemaye kweli?

Wako wanaoliona swali hili kuwa dogo, kama ugomvi wa wazee na vijana juu ya mavazi. Mimi naliona kubwa, maana ndani yake mna swali jingine: mtu akituma neno, ametuma nini? Ametuma habari tu, au amejituma mwenyewe? Tangu intaneti ilipoingia katika mifuko yetu, twatuma maneno mengi kuliko watu wo wote waliotutangulia. Basi yatupasa kujua tunachotuma.

1. Jinsi neno lilivyosafiri

Zamani neno lilikuwa na miguu. Mtu aliyetaka kumwambia ndugu yake jambo alikwenda mwenyewe, au alimtuma mjumbe. Mjumbe huyo hakubeba maneno matupu. Alibeba na heshima ya yule aliyemtuma. Naye alipofika hakuitoa habari yake mlangoni. Alisalimu, akaitikiwa, akapewa maji, akaulizwa habari za njiani. Salamu za Wasambaa, kama mjuavyo, si fupi: huuliza kazi, huuliza nyumba, huuliza watoto, mpaka mioyo imekaribiana. Ndipo neno lilipotolewa. Jambo la hatari kwa watu wote lilipigiwa mbiu, na hata leo twasema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Kisha ikaja barua. Shule zilipofundisha kusoma na kuandika, watu wakapata njia ya kusema na mtu asiyekuwapo. Yakaja na magazeti ya Kiswahili: Msimulizi lilitoka Unguja mwaka 1888, Habari za Mwezi likapigwa chapa Magila, katika nchi ya Wabondei, jirani zetu, Kiongozi likatoka Tanga wakati wa Wadachi, na Pwani na Bara likaanza mwaka 1910. Reli ya kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na mifuko ya barua ikaja nayo. Lakini barua ilikwenda polepole, tena ilikuwa na gharama ya karatasi na ya stempu. Kwa sababu hiyo mwandishi alifikiri kwanza. Mtu aliyeandika kwa hasira jioni, asubuhi alikuwa angali nayo barua mkononi, akaweza kuichana.

Tena ikaja simu, na jina hili lenyewe latufundisha jambo. Asili yake ni neno la Kiajemi, nalo maana yake ni uzi wa madini, yaani waya. Wazee wetu waliposema "kupiga simu" walitaja kwanza ile ya kugonga alama kwa waya, kabla ya ile ya kusikiliza sauti. Mwaka 1879 waya uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na habari za Ulaya zilizokuwa zikingoja merikebu kwa majuma mengi zikaanza kufika upesi. Miaka 130 baadaye, mwezi wa Julai 2009, waya mwingine wa baharini, uitwao Seacom, ulianza kazi Dar es Salaam; huo hupitisha nuru ndani ya nyuzi za kioo, nao ni mmoja wa zile zinazotuletea intaneti. Simu aliyo nayo mama sokoni haina waya hata kidogo. Jina limebaki, waya hauonekani. Lakini haukutoweka. Mwezi wa Mei 2024, nyaya mbili za baharini zilipokatika, Seacom na EASSy, intaneti ilidhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki kwa siku kadhaa, na watu wakakumbuka kwamba kitu walichokidhani ni hewa kilikuwa kimefungwa kwa uzi.

2. Mema yake tusiyakane

Mwalimu wa dini asiyetaka kuona mema ya kitu hana haki ya kuonya mabaya yake. Basi tuanze na mema.

Fikirini habari ya bibi asiyejua kusoma. Zamani mwanawe aliye mbali alipomwandikia barua, bibi huyo alimwita mtoto wa shule amsomee. Siri yote ya nyumba ilipita kinywani mwa mtoto wa jirani: deni, ugonjwa, ugomvi na mkwe. Na alipojibu, alijibu kwa kalamu ya mwingine, na kwa Kiswahili cha shule kisichokuwa lugha ya moyo wake. Leo bibi yule yule hushika simu, hubonyeza mahali alipoonyeshwa, akasema kwa Kisambaa chake, kwa sauti yake, na kucheka kwake, na kukohoa kwake. Mwanawe humsikia vile vile. Hakuna mtu wa tatu kati yao. Miaka mingi tulidhani asiyejua kusoma hana budi kukosa neno la mbali. Chombo hiki kimemrudishia kinywa chake. Hilo si jambo dogo.

Fikirini na habari ya fedha. Kenya walianza kutuma fedha kwa M-Pesa mwaka 2007, na huku kwetu Tanzania ikaja mwaka 2008. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kumpelekea mamaye shilingi chache alimpa dereva wa basi, au msafiri, akakaa akiomba zifike. Leo dawa hununuliwa jioni ile ile mgonjwa alipougua.

Na thamani ya kitu hujulikana kinapoondolewa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa katika nchi yetu kwa siku kadhaa, nazo zilikuwa siku za machafuko na hofu. Wazazi wenye watoto mijini walijua siku zile maana ya kukosa neno. Asiwepo basi mtu wa kusema kwamba haya maneno ya simu ni upuzi. Mama angojaye kusikia kwamba mwanawe yu hai hangoji upuzi.

3. Mambo matatu yaliyomo ndani ya neno

Kwa nini basi wazee husema, "Hakufika"? Nadhani ni kwa sababu ndani ya neno la mtu kwa mtu mna mambo matatu, nasi siku za kale tuliyapokea yote pamoja, hata hatukuyatenga kwa majina.

Jambo la kwanza ni habari: nani amekufa, mvua imenyesha wapi, mkutano ni saa ngapi. Jambo la pili ni uso: yaani kwamba yule asemaye yuko, namwona, naye aniona, na neno lake laweza kumgharimu. Jambo la tatu ni dhamana: kwamba yuko mtu wa kuulizwa juu ya neno hilo, na likiwa la uongo, najua mlango wa kubisha.

Mjumbe wa kale aliyaleta yote matatu. Barua ilileta habari, ikaleta dhamana kwa mwandiko na sahihi, lakini uso iliupunguza. Intaneti imeipa habari mabawa kuliko ndege wo wote. Lakini uso umefanywa mwembamba kama karatasi, na dhamana mara nyingi huanguka njiani. Hayo ndiyo mageuzi, nadhani, na mengine yote ni matawi yake. Tuyatazame haya mawili, uso na dhamana.

4. Habari ya uso

Mtu aweza kunipinga hapa akisema, "Hata Mtume Paulo alituma nyaraka. Je, hakufika?" Ni hoja njema, tena yafaa katekista aijue. Lakini tutazame jinsi nyaraka zile zilivyokwenda. Hazikwenda peke yake. Waraka kwa Warumi watupa jina la Foibe wa Kenkrea, ambaye Paulo awaomba wampokee vizuri. Tikiko alitumwa kwa Waefeso na kwa Wakolosai, awaeleze kwa kinywa mambo ambayo waraka haukuyasema. Epafrodito alirudi Filipi, na furaha ya Wafilipi ilikuwa kumwona yeye mzima, baada ya ugonjwa wake. Karatasi ilikwenda mkononi mwa mtu, na mtu akaketi nao. Naye Yohana, katika nyaraka zake mbili fupi, asema ana mengi ya kuandika lakini hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino. Atumaini kuja na kusema nao mdomo kwa mdomo. Watu hao waliijua nguvu ya barua kuliko sisi, nao hawakuihesabu kuwa sawa na kufika.

Sasa turudi kwa mpwa wa Dar es Salaam. Kumhukumu ni rahisi kwa mtu aketiye barazani. Lakini ulizeni kwanza. Labda yeye ni mlinzi wa usiku, na tajiri wake hampi ruhusa kwa msiba wa mjomba. Akiondoka siku tatu, siku ya nne ataikuta kazi ina mtu mwingine. Labda nauli ya kuja na kurudi ndiyo hiyo hiyo fedha aliyoituma, na alipochagua kati ya mwili wake na sanda ya mjomba, alichagua sanda. Huyo msimwambie kwamba hakuja. Amekuja kwa njia iliyobaki. Mkimshutumu mmemtwisha mzigo juu ya majonzi.

Lakini yuko na mwingine. Huyu alikuwa na nafasi, alikuwa na nauli, na njia ilikuwa wazi. Lakini aliona kwamba kutuma ni kwepesi kuliko kuja, na kwamba maneno yake katika kundi yatasomwa na watu wengi zaidi ya wale watakaomwona matangani. Huyo ameiajiri simu iwe mpwa badala yake. Fedha yake ni njema, nayo imefanya kazi. Lakini mjane aliyelala macho usiku wa kwanza hakuwa na haja ya fedha saa nane za usiku. Alikuwa na haja ya mtu wa kukaa mkekani karibu naye asiseme neno. Jambo hilo haliwezi kutumwa. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka; nao walijua kwamba fimbo yenyewe ni nzuri, tatizo ni umbali.

Kwa hiyo nasema hivi: wazee na vijana wote wana sehemu ya kweli. Tofauti haimo katika chombo, imo katika sababu. Neno lililotumwa kwa kuwa mtu hawezi kuja ni daraja. Neno lililotumwa ili mtu asipate kuja ni ukuta, hata likiwa na maua na picha ya mishumaa.

Wala wazee wasijisifu upesi. Maana nimeona matangani watu waliofika kwa miguu yao, wakaketi pamoja na wafiwa, kisha kila mmoja akainamia simu yake, akisoma habari za watu wa mbali. Mwili umefika, uso haukufika. Ikiwa mpwa wa mjini ana neno la kujibu, hao nao wana neno la kujibu, tena kubwa zaidi, kwa kuwa walikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mjane.

Jambo jingine la uso ni utaratibu wa kutoa habari ya kifo. Wazee wetu hawakumwambia mtu habari hiyo akiwa amesimama. Walimwita, wakamketisha, wakahakikisha kwamba yuko mtu wa kumshika, wakaanza kwa ugonjwa, ndipo wakafika penye neno zito. Katika desturi hii mna hekima na rehema. Leo mwanamke aweza kuwa kisimani, peke yake, akaona katika kundi picha ya mumewe na maneno ya kumpumzisha kwa amani, kabla wazee hawajavaa viatu. Aliyeweka picha ile hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kuwa wa kwanza. Lakini habari ya kifo haina mshindi wa kwanza. Ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye wa kuambiwa kwanza.

5. Habari ya dhamana

Hapo kale mtu aliyeleta uvumi kijijini alijulikana. "Nani kakwambia?" lilikuwa swali la kwanza, na kama hakuna jibu, neno lilikufa pale pale. Leo neno huja likiwa limepitia mikono elfu, wala hakuna hata mkono mmoja ulioandikwa jina. Kila mtu asema, "Nami nimeletewa." Naye amepeleka kwa wengine, akidhani hana hatia kwa kuwa hakulitunga.

Hapa ndipo dhamiri yatudanganya. Mchukuzi wa gunia la mahindi mabovu hawezi kusema, "Si mimi niliyelima." Akiuza, ameuza. Wenye mtandao wenyewe wameona hatari hii. Mwaka 2018, baada ya watu kuuawa na makundi ya raia huko India kwa sababu ya uvumi ulioenezwa kwa simu, WhatsApp ilianza kutia alama juu ya neno lililopelekwa na mtu asiyelitunga. Januari 2019 ikapunguza mahali ambapo mtu aweza kulipeleka kwa mara moja, kutoka 20 hadi 5. Aprili 2020, uvumi juu ya korona ulipozidi, neno lililokwisha kupita mikono mingi likaruhusiwa kwenda mahali 1 tu kwa mara moja. Mwajua kwa nini hatua hizo zilisaidia? Hazikumkataza mtu kusema. Zilimrudishia kazi ya mkono, na katika kazi ile akapata nafasi ya kufikiri, kama yule wa zamani aliyelala na barua mpaka asubuhi.

Huku kwetu nasi twamjua mwizi wa simu, yule aandikaye, "Ile hela itume kwenye namba hii." Neno lake ni fupi, tena lina ujanja. Hakujitaja jina; anangoja wewe umtajie. Mtu aliyekuwa na ahadi ya kumpelekea nduguye fedha humdhania kuwa ndiye, akatuma. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa. Lakini wezi hawajakoma. Tulikuwa tukiwafundisha watu, "Mpigie kwanza, usikie sauti yake." Sasa hata shauri hilo limepungua nguvu, kwa kuwa mashine za akili mnemba zaweza kuiga sauti ya mtu baada ya kusikia maneno yake machache. Kwa hiyo twarudishwa pale walipoanza wazee wetu: kumjua mtu mwenyewe, na kumwuliza jambo ambalo yeye tu na mimi twalijua. Chombo kikizidi ujanja, urafiki wa kweli unazidi kuwa na bei.

Makatekista wanaikumbuka amri ya nane, na jinsi Luther alivyoieleza katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529. Hakuishia katika kukataza uongo. Ametaka pia tumtetee mwenzetu, tumnene vema, na kuyafasiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Pimeni kwa kipimo hiki maneno mliyopeleka juma lililopita. Mangapi yalikuwa uongo? Labda machache. Mangapi yalikuwa ya kumtetea mtu?

6. Neno lisilosahau

Limebaki jambo moja, nalo latugusa sisi wa Lutindi kuliko wengine. Mahali hapa palianza, mwishoni mwa karne ya 19, kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa nyumba ya kutunza wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ingalipo. Watu wa vijiji hivi wamekua wakiwaona wagonjwa hao kuwa watu, kabla nchi nyingine hazijajifunza kuwaita hivyo.

Sasa twaeni mfano wa kijana apatwaye na ugonjwa wa akili mjini, katika stendi ya mabasi. Avua shati, apiga kelele, asema maneno ya ajabu. Zamani watu wangesimama na kutazama, wengine wangecheka, mmoja mwenye huruma angemfunika nguo. Jioni ingefika, na watu wangesahau. Leo watu kumi huinua simu. Kabla kijana huyo hajafika hospitali, wilaya tatu zimemwona. Yeye apata dawa, apata usingizi, miezi yapita, akili yarudi. Ashuka mlimani na kurudi kwao, amevaa shati safi, atafuta kazi. Mwenye kazi amtazama, kisha atazama simu. Mgonjwa amepona, lakini picha yake ingali yaugua.

Katika mfano huu twaona kitu ambacho wengi hatukukiangalia. Maneno ya kinywa yalikuwa na neema ndani yake, nayo ni neema ya kusahaulika. Upepo uliyachukua. Mtu aliyesema ujinga katika ujana wake aliweza kuwa mzee wa baraza, kwa kuwa watu waliomsikia walikubali kusahau. Kijiji hakiwezi kukaa pasipo kusahau, kama vile nyumba haiwezi kukaa pasipo mlango wa nyuma wa kutupia taka. Sasa karibu kila neno letu limegeuka kuwa maandiko na picha, na maandiko hayasahau. Tumejipatia kumbukumbu ya malaika, na moyo wetu bado ni wa binadamu. Hilo ni jambo la kuogopesha, maana kumbukumbu isiyo na msamaha ni adhabu isiyo na mwisho.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo ni njema. Lakini sheria hufika baada ya picha. Mkono unaoinua simu hufika kabla. Ndiyo maana swali hili ni la dhamiri kwanza, ndipo liwe la mahakama. Mbele ya mtu aliyeanguka kwa ugonjwa, kwa ulevi, au kwa aibu yo yote, mkono wako waweza kushika simu, au waweza kushika nguo ya kumfunika. Hauwezi kushika vyote viwili vizuri.

7. Tufanyeje basi?

Sisemi tutupe simu. Hata gazeti hili lingekuwa la kwanza kuaibika, kwa kuwa nalo ni neno lililotumwa, na mwandishi wake hakubisha hodi milangoni mwenu. Nasema tu kwamba kabla ya kutuma tujiulize maswali matatu, yanayofuata yale mambo matatu.

Kwa habari: je, ni kweli, tena ni yangu kuitoa? Ikiwa ina mwenyewe ambaye hajaambiwa, na ingoje.

Kwa uso: je, jambo hili lataka neno, au lanitaka mimi? Kuuliza saa ya mkutano, simu yatosha. Kuomba radhi, kumwambia mtu habari ya kifo, kusuluhisha ndugu waliogombana, kumtazama mgonjwa: haya yataka miguu. Tena mwenye jamaa hospitalini, awe na ugonjwa wa mwili au wa akili, asidhani kwamba kumwulizia kwa simu kila Jumapili kwamalizia deni. Mgonjwa asiyejiamini fikira zake mwenyewe ana haja ya kuona kwamba mtu amepanda mlima kwa ajili yake. Kupanda huko ndiko neno lenyewe. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga. Na kwa mgonjwa, asiyeonekana huelekea kuwa asiyekuwapo.

Kwa dhamana: je, niko tayari kutia jina langu chini ya neno hili, na kuulizwa juu yake mbele ya watu wa kwetu? Ikiwa siko tayari, basi lisipite mkononi mwangu, hata likiwa limekuja na maandishi ya kusihi kwamba lipelekwe kwa watu kumi kabla ya usiku.

Na ninyi makatekista, mnaokaa na vijana, msiwakaripie kwa sababu ya simu zao kana kwamba mngewarudisha katika siku za mbiu. Hawatarudi, wala ninyi hamtarudi. Waulizeni, "Nani amengoja neno lako juma hili, na nani amekungoja wewe?" Hayo ni maswali mawili, na majibu yake mara nyingi ni watu wawili tofauti. Kijana ajuaye kutofautisha hao wawili hana haja ya kukaripiwa.

Juu ya yule mpwa, mkisikia tena wazee wakisema, "Hakufika," mwulizeni mwenyewe kabla ya kumhukumu. Na mwulizeni uso kwa uso, atakapokuja. Maana yawezekana naye, kule mjini, ameketi miezi mingi akingoja mtu wa kwao afike.

Mungu awalinde ninyi na watu wenu walio mbali.